Kijana Anayeketi Bila Kazi wala Masomo

Wewe mzazi, kijana wako aliacha masomo kwa kukosa feza, na kazi hana. Sasa analala mchana kutwa, anakataa chakula, anaepuka rafiki zake. Usimwite mvivu. Pengine anaugua huzuni, na ugonjwa huo unatibika hata kwa mazungumzo.

Huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 wamama wazee waliofundishwa wanaketi bencini pamoja na wenye huzuni. Mgonjwa anataja shida zake, anachagua moja, kisha anatafuta hatua ndogo anayoiweza. Baadaye anarudi kueleza ilivyokwenda.

Nyumbani, sikiliza kwanza, halafu msaidie kuchagua hatua yake. Lakini akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Mlete hospitali leo.

Ulizo: Unamsikiliza kijana wako kabla ya kumkaripia?