Kuinua Bodi ya Pikapu Juu ya Chasisi

Wenye pikapu wanaopita njia za matope na mawe hupenda sana kufunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani. Lakini tairi kubwa hukwaruza bodi kila gari likatapo kona au litumbukiapo shimoni. Dawa moja ni kuinua bodi: vipande vigumu vya nailoni au alumini, vyenye unene wa inchi 1 hadi 3, huwekwa katikati ya bodi na chasisi, kisha hukazwa kwa bolti ndefu zaidi. Kazi hii yawezekana tu kwa gari ambalo bodi yake imefungwa juu ya chasisi kwa bolti, kama vile Toyota Hilux. Motokaa ndogo nyingi za siku hizi hazina chasisi ya peke yake.

Yafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba kinachopanda ni bodi tu. Injini, giyaboksi na difu hubaki palepale. Tairi la inchi 32 likifungwa mahali pa tairi la inchi 29, difu itapanda inchi moja na nusu, wala si zaidi. Na hiyo ni kazi ya tairi, si ya bodi.

Kwanza waya hasi ya betri hufunguliwa. Bolti zilizoshikwa na kutu hutiwa mafuta siku moja kabla. Kisha bolti zote hulegezwa, za upande mmoja hutolewa, na upande huo huinuliwa polepole kwa jeki yenye ubao mnene juu yake, ili bati lisibonyee. Bolti za upande wa pili zisitolewe mpaka upande wa kwanza umefungwa, kwa maana bodi yaweza kuteleza. Wala mtu asitie mkono katikati ya bodi na chasisi ikiwa bodi imeshikwa na jeki peke yake.

Hatari kubwa zaidi imo katika vitu vilivyoshikamana na bodi kwa upande mmoja na chasisi kwa upande mwingine. Usukani umefungwa kwenye bodi, lakini sanduku la meno yake liko kwenye chasisi, na katikati yao kuna mtaimbo. Bodi ikipanda, mtaimbo huo huvutwa. Meno yake yakibaki yameshikana kidogo tu, siku moja yataachana njiani, na dereva atazungusha usukani bure huku gari likienda litakako. Kwa hiyo kipande cha kurefushia mtaimbo hakina budi kufungwa ikiwa kimo cha bodi kinakihitaji, hata kama bei yake ni kubwa. Mabomba ya breki nayo hutazamwa moja moja. Lililonyooka likakazana kama uzi lirefushwe. Vivyo hivyo mpira wa kujazia petroli. Rejeta ikipanda pamoja na bodi, feni hubaki chini na kugonga kifuniko chake. Wenye kuharakisha husahau mti wa giya, ambao hugusa ukingo wa tundu lake na kuzuia giya isiingie sawasawa.

Baada ya siku chache za safari bolti zote hukazwa tena. Taa za mbele nazo huteremshwa, kwa kuwa sasa zawamulika machoni madereva wajao.