KIHISI KINAPONYAMAZA: TUTAFUTE UGONJWA WA UMEME

Mkaazi wa Kahawa Wendani hahitaji kuelezwa moshi ni nini. Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka wa 2012, haina usingizi, na masizi ya dizeli hayajui ua wa shule. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba chembe laini za vumbi, zile zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana, zisipite wastani wa mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa kwa saa 24.

Kuzipima chembe hizo si kazi ya vyuo vikuu peke yake. Jijini Nairobi, mradi wa sensors.AFRICA umewahi kuweka vihisi vya bei nafuu. Nasi wanafunzi twaweza kutumia tarakilishi ya ubao mmoja, kama Raspberry Pi, na kihisi cha vumbi kama SDS011 kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Nasema "kihisi" kwa kuwa "sensa" tunaijua sote: ni ile ya kuhesabu watu!

Kukifunga ni rahisi. Taabu ni kukifanya kiseme kweli kila saa. Tuseme kimenyamaza kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa mbili asubuhi. Je, hewa ilikuwa safi? Hata kidogo! Hizo ndizo saa ambazo matatu zinaamka. Wastani wa siku utatoka mdogo kuliko ukweli, na mwenzetu mwenye pumu ataambiwa ati anajisingizia. Kimya cha kihisi si hewa safi. Basi tufuate hatua hizi.

1. Pima njia ya umeme

Wengi hukilaumu kihisi kwanza, kumbe maskini hakina hatia. SDS011 hutaka volti 5 na takriban miliampea 70 tu. Walaji wakubwa ni tarakilishi yenyewe na modemu. Tukumbuke sheria ya Ohm: volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani. Chukua chaja ya volti 5.1 na waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.3, kwenda na kurudi.

Mkondo wa ampea 1: zapotea volti 0.3, zafika 4.8.
Mkondo wa ampea 2: zapotea volti 0.6, zafika 4.5.

Raspberry Pi huanza kulalamika volti zikishuka chini ya 4.63 hivi. Waya ni ule ule, chaja ni ile ile, lakini mtambo ukipumzika ni mzima, ukifanya kazi ni mgonjwa. Ndiyo sababu kihisi hukatika modemu inapoanza kutuma habari. Dawa yake ni waya mfupi, mnene, na chaja inayostahili. Kwa Raspberry Pi 4 ni volti 5.1 na ampea 3, si chaja yoyote ya simu iliyookotwa mezani.

2. Iulize tarakilishi

Andika amri vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, hakuna neno. Likiwa 0x50000, njaa ya umeme ilipita tangu mtambo uwashwe. Likiwa 0x50005, njaa ipo sasa hivi. Kisha soma dmesg uone ni saa ngapi kihisi kilijitenga na USB. Linganisha saa hiyo na saa ya modemu kutuma. Zikilingana, umemshika mwizi.

3. Punguza mzigo

Raspberry Pi 4 ina matundu manne ya USB, lakini yote kwa jumla hugawana ampea 1.2. Wanne hawali sahani moja wakashiba wote. Modemu na vihisi vingi vichomeke kwenye kigawanyi cha USB chenye chaja yake mwenyewe.

4. Kipe kihisi jina la kudumu

Kihisi kikikatika na kurudi, huenda kilichoitwa ttyUSB0 kikawa ttyUSB1. Programu nayo inaendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa! Tumia majina ya /dev/serial/by-id. Ukiwa na vihisi viwili vya aina moja, tumia by-path, ambayo hufuata tundu badala ya kifaa.

5. Jihadhari na stima kupotea

Stima ikipotea ghafla wakati tarakilishi inaandika, kadi ya kumbukumbu yaweza kuharibika, na mtambo usiamke tena. Weka betri ya akiba, na programu ya kuuzima mtambo kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

6. Si kila ugonjwa ni wa umeme

SDS011 haikutengenezwa kwa unyevu unaozidi asilimia 70. Asubuhi ya ukungu, matone ya maji huhesabiwa kama vumbi, na tarakimu hupanda bure. Tena leza yake imekadiriwa kudumu saa 8,000, yaani siku 333 ikiwaka mfululizo. Ukiiamsha dakika moja katika kila dakika tano, hesabu inafika miaka minne na nusu hivi.

Neno la mwisho: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, uandike saa na matokeo daftarini. Ukibadilisha waya, chaja na kigawanyi kwa pamoja, mtambo utapona lakini hutajua dawa ilikuwa ipi. Na palipo na pengo, liache pengo kwenye chati. Usilijaze kwa kubahatisha.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Waya una ukinzani wa omu 0.2 na chaja ni ya volti 5.1. Mkondo ukiwa ampea 2.5, zinafika volti ngapi? Je, Raspberry Pi italalamika?
(b) Kwa nini mtambo unaweza kuwa mzima ukiutazama mchana, kisha ukaanguka usiku?
(c) Eleza tofauti kati ya "hakuna vumbi" na "hakuna habari".