SOMO: JE, MNYAMA HUCHAGUA KWA AKILI?

Soma kwanza: Hesabu 22:21-35

Swali hili lilizuka katika kikundi chetu cha jioni hapa Industrial Division, Mbale, tulipokuwa tukisoma habari za punda wa Balaamu. Kijana mmoja alisema punda yule ni muujiza tu, punda wa kawaida hufuata fimbo. Mzee mmoja aliyewahi kusafirisha mahindi kwa punda kule Sebei akacheka. Akasema punda akigoma njiani wakati wa mvua, mwenye busara hatangulizi fimbo, hutangulia yeye kuangalia njia. Hatukuelewana. Basi tulichunguze pamoja.

Tuanze karibu. Mlima Elgon, ambao huku tunauona mawingu yakiondoka, una mapango. Upande wa Kenya kuna pango la Kitum, linaloingia mlimani kama meta 200. Tembo huingia humo usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga. Humegua mwamba kwa pembe na kuula, maana una chumvi, na majani ya mlimani hayawatoshi kwa chumvi. Ndani kuna ufa mrefu ambamo ndama wamewahi kutumbukia wakafa. Hata hivyo wanaingia.

Je, hiyo ni akili? Mtu anaweza kusema ni mazoea: ndama anamfuata mama, na mama alimfuata bibi. Hoja hiyo ina nguvu, tusiipuuze. (Hata sisi tunafanya mengi kwa sababu tuliyakuta.) Kwa hiyo tunahitaji kipimo kingine: hali ikibadilika, je, mnyama naye hubadilisha uamuzi?

Kipimo hicho kimefanyika Amboseli, Kenya. Huko baadhi ya vijana wa Kimaasai wamewahi kuwachoma tembo mikuki, hasa kukiwa na ugomvi wa malisho na maji. Wakamba, ambao wengi ni wakulima, huwadhuru mara chache zaidi. Watafiti walioandika mwaka 2007 waliwawekea tembo nguo. Waliponusa iliyovaliwa na Mmaasai, walikimbia upesi na mbali kuliko waliponusa ya Mkamba. Lakini nguo nyekundu ambayo haijavaliwa na mtu waliikasirikia, hawakuikimbia. Harufu inasema mtu yuko karibu, lakini rangi peke yake haisemi hivyo.

Mwaka 2014 ikatolewa habari ya sauti. Tembo walisikilizishwa kwa vipaza sauti maneno yenye maana ileile, kwa Kimaasai na kwa Kikamba. Sauti ya mwanamume Mmaasai iliwafanya wasogeleane na kunusa hewa. Kwa mwanamume Mkamba hofu ilikuwa ndogo zaidi, na vivyo hivyo kwa wanawake na wavulana wa Kimaasai.

Hapo niliweka karatasi chini kwanza. Wengi wetu tunakumbuka vizuizi vya barabarani, ambapo mtu alisikilizwa lafudhi kabla ya kuulizwa jina. Tembo naye anatupima kwa lugha! Ila yeye huenda hatua moja mbele: ndani ya lugha ileile humtofautisha mama na mwanamume anayeweza kubeba mkuki. Kweli, huwakimbia hata wasio na hatia. Lakini hawezi kuuliza. Akikimbia bure anapoteza malisho ya muda mfupi. Akibaki bure anaweza kupoteza uhai. Kwangu mimi huko ni kupima, ingawa hawezi kutueleza sababu zake.

Wenye mashamba karibu na msitu mnalijua jambo hili kuliko mimi. Sanamu ya matambara huwatisha nyani siku chache, halafu wanagundua haisogei. Huko Sagalla, karibu na Tsavo, wakulima walizungushia mashamba waya wenye mizinga ya nyuki. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Tembo wengi hugeuka, maana hatari hiyo ni ya kweli.

Kwa vikundi: punda wa Balaamu alipigwa mara tatu kabla bwana wake hajaona alichokiona yeye. Nyumbani kwenu, mnyama akikataa, ni nani anayetangulia kuangalia njia?