Jihadhari na mafua unapopanda Eburru

Ukiondoka Ndabibi asubuhi jua likiwaka, ni rahisi kuacha sweta nyumbani. Lakini kilele cha Eburru kimepita mita 2,700, na kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Mvua nayo haibishi hodi.

Baridi peke yake haileti mafua. Huletwa na virusi, na huenda ulivipata ndani ya matatu iliyofungwa madirisha. Hata hivyo, mwili ulioloa ukipigwa na upepo hupoteza joto haraka. Basi badilisha shati lenye jasho kabla ya kuketi kula (wengi hula kwanza!), na nguo kavu uzibebe katika mfuko usiopenya maji.

Ukishikwa na mafua, antibiotiki hazitakusaidia. Maji moto yenye asali hutuliza kikohozi, ila usimpe asali mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Mwenzako akitetemeka sana na kuongea ovyo, hayo si mafua. Mwili umepoa kupita kiasi. Mvue nguo zilizoloa, mfunike, mteremshe upesi atibiwe. Anayepumua kwa shida huenda ana nimonia: mpeleke hospitali. Na kikohozi kikizidi wiki mbili, kapimwe kifua kikuu. Katika hospitali za serikali hulipi.