Pikipiki mpya Machakos: izoee kwanza, uipambe baadaye

Siku nilipoitoa pikipiki yangu dukani nilikuwa na orodha mfukoni: taa nne za LED, krashgadi, kava nyekundu ya kiti, redio, na madigadi ya nyuma yenye maandishi, ndefu kiasi cha kufagia lami. Nikaenda nayo moja kwa moja kwa fundi wa juakali mjini Machakos. Mzee wa watu aliinama, akasoma mita, akanitazama. "Kilomita nne, na umekuja kupamba? Rudi ukifika mia tano. Wakati huo utajua unachotaka."

Niliondoka nimenuna. Niliporudi, vitu vitatu katika orodha ile nilikuwa nimevifuta kwa mkono wangu mwenyewe, na nilikuwa nimeongeza viwili ambavyo havikunijia akilini siku ya kwanza.

Vidokezo hivi ni vya mtu aliyenunua pikipiki yake ya kwanza, ya silinda moja, cc 100 hadi 150, kama zile Boxer na TVS zilizojaa katika kila stendi tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250 mwaka 2008. Pikipiki yenyewe ni ya kwenda kazini, shambani na kanisani. Ndugu zetu wa boda hawahitaji somo hili, ingawa kidokezo cha 5 ningependa wakisome.

1. Usiogope mtetemo, ogopa nati

Injini ya silinda moja ina pistoni moja tu, inayopanda na kushuka bila mwenzake wa kusawazisha. Mafuta huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, ndiyo maana unasikia ule mdundo wa tu-tu-tu pikipiki ikiwa imesimama. Mikono itakufa ganzi siku za kwanza. Utazoea, hasa ukiacha kuukaba usukani kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke.

Nati hazizoei. Baada ya kilomita mia moja hivi, tenga nusu saa Jumamosi asubuhi, chukua spana, pitia vioo, stendi, keria, bomba la ekzosi na namba pleti. Mimi sikufanya hivyo. Nilipofika nyumbani Mutituni jioni moja, jirani aliniuliza kwa upole kama ile pleti inayoning'inia kwa skrubu moja ndiyo fasheni mpya.

2. Kilomita 500 za kwanza ni za injini

Ndani ya silinda mpya, ringi za pistoni na ukuta wa silinda bado vinakwaruzana ili vikae pamoja vizuri. Ukivuta mafuta hadi mwisho, joto linapanda kupita kiasi. Ukikokota gia kubwa kwa mwendo wa konokono, injini inagonga na kuumia vilevile. Na ukienda mwendo uleule kwa saa nzima, ringi zinazoea hapo tu. Kinachotakiwa ni kupanda na kushuka: ongeza mwendo, punguza, badilisha gia. Kitabu cha mwongozo kitakuambia mwisho wa mwendo kwa kila gia. Kisome, usikiache kwenye nailoni yake.

Kwa hiyo achana kwanza na safari ya kushuka hadi Kyumbi na kushika Mombasa Road. Huko utajikuta umebanwa kati ya malori, huwezi kupunguza wala kuongeza utakavyo. Njia ya Mutituni ni mwalimu mzuri zaidi, kwa kuwa ina kona, vilima na watu wa kukupungia mkono. Mizigo pia isubiri. Najua maembe yakiiva kila shangazi anakumbuka kwamba una pikipiki. Mwambie bado ni mtoto.

Huduma ya kwanza kwa nyingi za pikipiki hizi huja kati ya kilomita 500 na 750. Usiipitishe. Oili itakayotoka itakuwa na chembe za chuma zinazometameta ukiimwaga juani, na ukiziona utaelewa kwa nini haifai kubaki ndani.

3. Oili ya gari ni ya gari

Kwenye pikipiki hizi klachi inaogelea katika oili ileile ya injini. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, yenye unene ambao kitabu kinasema. Mwenye duka akikuambia "zote ni sawa", nenda duka la pili.

4. Badilisha visivyogharimu hata shilingi

Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima za maumivu ya mgongo kwa kutojua. Kabla ya kununua chochote, ifanye pikipiki ikutoshe.

Panda juu yake ikiwa imesimama, mtu akiishikilia. Funga macho, nyoosha mikono kama unavyopenda kuendesha, kisha fungua. Je, vidole vinaangukia moja kwa moja kwenye leva za breki na klachi, au unakunja kiganja kuzitafuta? Leva zimefungwa kwa boliti. Legeza, zungusha kidogo, kaza tena. Usukani nao unaweza kuletwa karibu au kusogezwa mbele kidogo. Kanyagio la breki ya nyuma lina skrubu ya kulipandisha na kulishusha, na ukivaa gambuti shambani na viatu vya ngozi kanisani, lipange kwa vile unavyovaa siku nyingi.

Klachi iwe na ulegevu mdogo mwanzoni mwa leva, milimita mbili au tatu. Ikikaza mno haishiki sawasawa, na ikilegea mno gia zinalia.

Shokamzoba za nyuma zina pete yenye ngazi. Dukani huja zimewekwa kwa mtu yeyote, yaani hazijamfaa yeyote. Ukiwa peke yako, na kilo zako sitini, weka ngazi ya chini. Ukimbeba mama na kiondo chake, pandisha, pande zote mbili sawa.

Vioo sasa. Kuna mtindo wa kuving'oa siku ya kwanza ati vinaharibu sura ya pikipiki. Viache. Vigeuze nje mpaka uone barabara na ncha ya bega lako tu. Siku basi la kwenda Kitui litakapokuja nyuma yako likipiga honi, utataka kujua liko umbali gani bila kugeuza shingo.

5. Usiteremke na nyutro

Wengi hufanya hivi kuokoa petroli. Ukitoka milima ya Iveti kurudi mjini, au Mua kushuka uwandani, utawaona: injini imezimwa, pikipiki inateleza kimya kama kunguru.

Injini ya silinda moja ni breki nzuri sana ikiachwa kwenye gia. Ukiachilia mafuta, inakushika nyuma kama mtu aliyekuvuta koti. Ukiiweka nyutro umemfukuza msaidizi huyo, na breki zinabeba kazi yote. Breki ya ngoma kwenye mteremko mrefu hupata joto, na ikipata joto inashika kidogo kuliko ulivyozoea, mahali pabaya kabisa pa kugundua jambo hilo. Kanuni ya wazee wa hapa ni rahisi: shuka kwa gia ambayo ungepandia.

Kuna uoga mwingine, wa breki ya mbele. Wanaoanza huambiwa itawarusha juu ya usukani, basi wanaiacha ioze. Ukweli ni kwamba ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia gurudumu la mbele, na hilo ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. Tafuta kiwanja kitupu, lami kavu, fanya mazoezi: minya taratibu, ongeza, usibamize. Kwenye mchanga na kokoto ndipo uwe mpole nayo, na usiiguse ukiwa umelala kwenye kona.

6. Jifunze gia, halafu nenda Kituluni ukafurahi

Pikipiki moja gia zote zinakanyagwa chini. Nyingine ya kwanza ni chini na zilizobaki unainua juu. Ukiazima ya rafiki, uliza kabla ya kuondoka. Nimeona mtu mzima akitafuta ya pili akapata ya kwanza mbele ya Soko la Marikiti, na soko zima likapata kicheko cha siku.

Ukishaijua nyutro yako, panda hadi Kituluni, kilomita kumi na mbili hivi kutoka mjini, pale ambapo magari yakiachwa nyutro yanaonekana yakipanda mlima yenyewe. Wataalamu wanasema ni macho yanadanganywa na namna ardhi ilivyolala. Wenyeji wana maelezo mengine matamu zaidi. Mimi niliachilia breki, pikipiki ikaanza kutambaa "juu", nami nikacheka peke yangu ndani ya kofia.

7. Vumbi, mchanga, udongo mweusi

Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi, ufuate stika iliyo kwenye pikipiki au kitabu. Mtoto wa kituo cha petroli anayejaza "mpaka iwe ngumu" anakuandalia safari ya kuruka kama mpira kila ukigusa barabara ya vumbi.

Mchanga wa mito yetu unauzwa Nairobi, lakini mwingi unabaki njiani, hasa malori ya mchanga yanapopita kwenye kona. Ukiukuta, tazama mbali, usikate mafuta ghafla, uache usukani uchezecheze kidogo. Udongo mweusi wa kuelekea Konza ukinyeshewa hujaa ndani ya madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Huo sina dawa yake. Mvua za vuli, ambazo ndizo Ukambani huzitegemea zaidi kwa mavuno, zikianza Oktoba au Novemba, tumia njia ya lami hata kama ni ndefu.

Cheni ikaguliwe kila wiki. Iwe na mchezo wa sentimita mbili hadi tatu katikati, kama kitabu hakisemi vingine. Usiipake oili chafu iliyotoka kwenye injini, ingawa kila mtu anafanya hivyo. Ina zile chembe za chuma, nazo zikichanganyika na vumbi letu jekundu unapata msasa unaozunguka. Isafishe kwa brashi, ipake oili safi ya gia, futa ya ziada.

8. Sasa pamba

Kilomita zimefika. Anza na krashgadi, maana pikipiki mpya huanguka ikiwa imesimama, uani kwako, mbele ya wageni. Halafu keria imara na blada nne za tyubu kuukuu, ambazo zinashika mzigo kuliko kamba yoyote ya dukani.

Taa za ziada: moja au mbili, zikiwa na fyuzi na swichi yake. Betri ya pikipiki ni ndogo na kinachoichaji ni kidogo vilevile. Ukirundika LED, redio na chaja ya simu, asubuhi utakuwa unapiga kiki huku majirani wakihesabu. Fundi akitaka kukata waya wa asili na kuunganisha kwa kusokota na selotepu, mshike mkono.

Sailensa usiitoboe. Ule mlio haukupi nguvu, unakupa maadui, na kabureta iliyopangwa kwa ekzosi ya awali inaweza kuanza kuchoma vibaya. Machakos iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku tayari ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Nguvu kidogo zilizopungua kilimani ndizo hizo, hazirudi kwa kelele.

Mwavuli ule mkubwa wa boda? Kwa mtu anayeendesha peke yake ni tanga la jahazi. Nunua koti la mvua.

9. Karatasi na kichwa

Leseni ya daraja la A2, bima ya angalau mtu wa tatu, na umiliki uliohamishiwa jina lako kwa NTSA kabla hujasahau sura ya muuzaji. Sheria inataka kofia na jaketi linaloakisi mwanga, kwako na kwa abiria wako, na abiria ni mmoja. Kofia ijaribu dukani: ifunge kamba, tikisa kichwa. Ikizunguka yenyewe, ni sufuria.

10. Stika

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo nililotaka kuanza nalo. Ile madigadi yenye maandishi niliinunua hatimaye, fupi, na nilikaa miezi miwili bila kujua niandike nini. Mwishowe niliandika neno moja la Kikamba, "Mwaitu", yaani mama yangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa abiria wangu wa kwanza. Alikaa nyuma kimya toka Mutituni hadi mjini, akashuka, akaniambia breki ya nyuma inapiga kelele. Nilikagua. Ilikuwa kweli.