Tumbo Linasokota, Vipimo ni Safi: Ale Nini?

Tumbo kusokota na kujaa gesi, kuendesha wiki hii na kufunga choo wiki ijayo, huku maabara ikisema hakuna kitu: huo ndio mwenendo wa IBS, hali ya utumbo kuwa mwepesi kukereka ingawa hauna kidonda wala uvimbe. Kwa vigezo vinavyofuatwa na madaktari wengi tangu 2016, maumivu hayo yawe yalianza angalau miezi 6 iliyopita, na katika miezi 3 ya karibuni yawe yanamjia mgonjwa siku moja au zaidi kwa wiki. Tena yawe yanaendana na choo kwa angalau mambo mawili kati ya haya matatu: yanabadilika mtu anapokwenda haja, yanakuja pamoja na choo kuwa cha mara nyingi au cha nadra, au yanakuja pamoja na choo kuwa kigumu au cha majimaji.

Msomaji wa Kitale anayeuliza ale nini, hasa siku za kupanda matatu kwenda Bungoma, anasema ameshameza dawa za amoeba mara kadhaa bila nafuu. Ni mazoea ya wengi. Tumbo likichafuka, mtu hununua dawa ya amoeba dukani. Isiposaidia, anapimwa taifodi. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana kutafuta taifodi, kinaweza kutoa jibu la ndiyo kwa mtu asiye nayo, kwa kuwa kinasoma alama za kinga ambazo huachwa pia na maambukizi ya zamani au ya namna nyingine. Antibiotiki zinazomezwa bure huvuruga bakteria wa utumbo, na kwa mwenye IBS hilo ni kuongeza chumvi kwenye kidonda. Amoeba na giardia zipo kweli, lakini hutafutwa kwenye choo kilichopimwa, si kwa kubahatisha. Na palipo na damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, kuamshwa usiku na kuendesha, au dalili zilizoanza mtu akiwa ameshavuka miaka 50, habari ya kubadilisha chakula ingoje kwanza mgonjwa aonwe na daktari.

Chakula hakileti IBS, huichokoza. Zipo sukari ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri. Zikipita humo huvuta maji, na zikifika kwenye utumbo mpana bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Hayo hutokea kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba mishipa ya fahamu ya utumbo wa mwenye IBS huhisi mno, na kile ambacho jirani yake anakiona ni tumbo kujaa kidogo, yeye hukihisi kuwa msokoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walizikusanya sukari hizo chini ya jina FODMAP mwaka 2005, na mlo wa kuzipunguza umewapa nafuu zaidi ya nusu ya wagonjwa katika majaribio mengi.

Kwenye meza za Trans Nzoia na Bungoma, vichokozi vikuu ni vitatu, na cha kwanza ni chai. Chai ya maziwa yenye maziwa nusu kwa maji nusu, vikombe vinne au vitano kwa siku, ni maziwa mengi kuliko mtu anavyodhani. Watu wazima wengi hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa. Utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba uwezo huo hubaki utu uzimani kwa wengi wa jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania, kutokana na badiliko katika vinasaba vyao. Ndiyo maana kwenye meza moja mtu anaweza kunywa jagi zima asidhurike, na mwenzake akashindwa na kikombe. Mala na mursik zina sukari hiyo kwa kiasi kilichopungua kwa kuchachushwa, lakini haijaisha.

Cha pili ni kitunguu, na huyu ndiye mgumu kumshtaki kwa sababu yumo katika kila sufuria. Sukari ya kitunguu maji na ya kitunguu saumu huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Kwa hiyo kitunguu kilichochemka ndani ya mchuzi huacha athari yake humo hata kikiopolewa. Mpishi anaweza kukikaanga vipande vikubwa kwenye mafuta, kuvitoa vyote, ndipo atie nyanya na nyama: harufu inabaki, kichokozi kinatoka. Majani mabichi ya kitunguu nayo hayana shida.

Cha tatu ni maharagwe, na pamoja nayo githeri. Kuyaacha kabisa si busara kwa familia inayoyategemea kwa protini. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya, na sehemu ya mlaji iwe vijiko vichache badala ya sahani. Siku nyingine mayai, omena au kuku wa kienyeji huziba pengo hilo, na karanga kiasi cha kiganja hazina neno.

Kinachobaki ni kingi. Ugali wa mahindi, uji wa wimbi, wali na viazi mbatata huvumiliwa na wengi. Vivyo hivyo sukuma wiki, spinachi, karoti, nanasi, machungwa na papai. Ngano ndiyo yenye utata, kwa hiyo chapati na mandazi hupunguzwa mwanzoni, pamoja na embe, tikiti maji, tufaha, asali na ndizi iliyoiva hadi kuwa na madoa.

Upunguzaji huu ni wa wiki 2 hadi 6, si wa maisha. Pakipatikana nafuu, chakula kimoja hurudishwa kwa siku 3, leo kidogo, kesho zaidi, huku vingine vikibaki vilevile na dalili zikiandikwa kwenye daftari. Wengi hugundua kwamba adui ni mmoja au wawili tu. Wiki 6 zikipita bila nafuu, mlo huo uachwe. Mjamzito, mtoto, na mtu aliyekwisha kukonda wasijipunguzie chakula bila mtaalamu wa lishe, na hospitali za rufaa za kaunti hizo mbili zinao.

Kwa siku za safari, kukaa na njaa hadi Bungoma halafu kula sahani iliyojaa mafuta ni kosa, maana mlo mkubwa huamsha utumbo mpana ghafla. Uji mwepesi au viazi vilivyochemshwa saa moja au mbili kabla ya kuondoka hufaa zaidi, bila kahawa wala soda. Na iwe siku ya safari au la, anayesumbuliwa na choo kigumu aanze na maganda ya isabgol (psyllium) kwa kijiko kidogo na maji mengi, aongeze polepole. Pumba za ngano humzidishia gesi.