Mnyama wa Mwitu Mikononi mwa Wageni

Watu wapendao kufuga wanyama ni wengi duniani. Walio wengi hufuga wanyama waliozoeana na binadamu tangu kale, kama vile mbwa, paka, mbuzi na kuku. Lakini wako wengine wasiotosheka na hao. Hupenda kufuga wanyama wa mwitu walio adimu, kama tumbili, kasuku, kobe, kinyonga au chatu. Mnyama wa namna hii apitapo sokoni begani mwa bwana wake, watu hukusanyika mara moja. Huyu husema, "Kaka, hebu nimshike kidogo." Yule husema, "Baba, mwache mwanangu amguse mkia." Naye mwenye mnyama, kwa kuwa afurahia kusifiwa, humtoa mnyama wake akampa mgeni asiyemjua.

Jambo hili laonekana kuwa dogo, tena la ukarimu. Lakini katika somo hili tutaona ya kuwa laweza kuleta msiba kwa pande tatu: kwa mgeni aliyeshika, kwa mnyama aliyeshikwa, na kwa mwenye mnyama aliyeruhusu.

1. Kumzoea mtu mmoja si kuwazoea watu wote

Yatupasa kwanza kujua tofauti iliyopo kati ya mbuzi na tumbili. Mbuzi amekaa na watu kwa maelfu ya miaka. Wafugaji wa kale waliwachagua walio wapole, na wapole wakazaa wapole, hata upole ukawa tabia ya ukoo wote. Tumbili hakupitia njia hiyo. Hata akizaliwa ndani ya nyumba na kunyweshwa maziwa kwa chupa, damu yake ni ile ile ya mwitu. Akimtulia bwana wake, ni kwa sababu aijua harufu yake, sauti yake na mwendo wake. Mtu mwingine akinyosha mkono ghafula, kwa tumbili mkono ule ni mkono wa adui.

Tena wanyama wana lugha yao, wala mgeni haijui. Tumbili akionyesha meno, mtoto hudhani anacheka. Kumbe anaogopa, au anaonya. Kasuku akisimamisha manyoya ya shingo, na mboni za macho yake zikawa ndogo na kubwa upesi upesi, amechafuka moyo, na mdomo wake uwezao kuvunja kokwa ngumu waweza kukata kidole. Kinyonga akigeuka rangi ya giza na kufumbua kinywa, amekwisha kusema, "Niache." Bwana wake huyaona hayo na kuacha. Mgeni hayaoni, huendelea kushika, na mnyama akiona onyo lake halikusikiwa, huuma.

2. Habari za mtoto wa dubu

Katika mwaka 2014, mwezi wa Aprili, wanafunzi wa chuo kikuu kimoja katika mji wa St. Louis, Marekani, walikuwa wakijiandaa kwa mtihani. Ili kuwaburudisha, wanyama waliletwa chuoni wapate kuwashika na kuwapapasa. Miongoni mwao alikuwako mtoto wa dubu, mwenye umri wa miezi miwili hivi. Wanafunzi wakampokea kwa furaha, wakampitisha mkono kwa mkono. Mtoto yule, kama ilivyo desturi ya watoto wa wanyama, akawauma wanafunzi zaidi ya kumi. Hakuwaumiza sana, lakini ngozi za wengine zilichubuka.

Msomaji atasema, "Basi, ni vidonda vidogo, vitapona." Ndivyo, lakini iko hatari kubwa nyuma ya jino dogo, nayo ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Vijidudu vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na huingia katika mwili kwa njia ya jeraha. Ugonjwa ukisha kuonyesha dalili zake ndani ya mtu, karibu hakuna apataye kupona. Mbwa aliyeuma mtu, akiwa mzima wa kutazama, aweza kufungwa na kuangaliwa kwa siku 10, kwa maana waganga wanajua mwendo wa ugonjwa huo ndani ya mbwa. Kwa wanyama wa mwitu hesabu hiyo haijulikani hivyo. Njia ya kuhakikisha ni kuupima ubongo, na ubongo haupimwi illa mnyama amekwisha kuuawa.

Basi habari ikatangazwa chuoni ya kuwa yule mtoto wa dubu hana budi kuuawa ili apimwe. Wanafunzi wengi walihuzunika, wakalalamika kwamba mnyama hakutenda kosa lo lote. Mwisho wakuu wa afya waliyachunguza mambo yake kwa makini, wakaona kuwa hapana haja ya kumwua, akaokoka. Lakini tazama jinsi uhai wake ulivyoning'inia kwa uzi mwembamba. Walioamua ashikwe ni watu, waliomshika ni watu. Lakini aliyekuwa karibu kulipa kwa roho yake ni mnyama. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha.

3. Maradhi yasiyoonekana

Siyo meno tu yaletayo hatari. Kobe hana meno, wala hana haraka, na watu humdhani kuwa ndiye mnyama asiye na madhara hata kidogo. Lakini ndani ya matumbo ya kobe, kinyonga na nyoka hukaa mara nyingi vijidudu viitwavyo salmonela. Mnyama mwenyewe haugui, naye huonekana mzima na safi. Vijidudu hutoka pamoja na kinyesi na kuenea juu ya gamba lake na ngozi yake. Mtoto akimshika kisha akatia kidole kinywani, au akala ndizi bila kunawa, aweza kushikwa na homa, kuumwa na tumbo na kuharisha, na mtoto mchanga aweza kufa. Huko Marekani watoto wengi waliugua kwa sababu ya vikobe vya maji vilivyouzwa madukani kama vitu vya kuchezea. Kwa hiyo katika mwaka 1975 serikali ilikataza kuuza kobe mwenye gamba lisilotimia urefu wa inchi 4, kwa maana kobe mdogo ndiye awezaye kuingia katika kinywa cha mtoto.

Tukio jingine lilitokea mwaka 2003. Wanyama wadogo wapata 800 walisafirishwa kutoka Ghana mpaka Marekani ili wauzwe kwa wafugaji, na kati yao walikuwamo panya buku. Baadhi ya wanyama hao walikuwa na ugonjwa ufananao na ndui, uitwao siku hizi mpox. Waliwekwa karibu na wanyama wengine wa kule Marekani, wa jamii ya kindi, wachimbao mashimo katika mbuga. Hao nao wakaambukizwa, wakauzwa wakiwa wamebeba ugonjwa. Watu waliowanunua, na wengine waliowagusa au kuumwa nao, wakatokwa na vipele na kushikwa na homa. Hesabu ya wagonjwa waliothibitishwa, pamoja na waliodhaniwa, ilikuwa 47 katika majimbo sita. Kwa bahati njema hakufa mtu. Wengi wao hawakupata kuiona Ghana kwa macho yao. Waliambukizwa kwa kumkaribia mnyama mzuri wa kupendeza.

4. Mkono wa mtu nao huumiza

Haifai kudhani kwamba hatari yatoka kwa mnyama tu kwenda kwa mtu. Katika Nyuzilandi yuko ndege aitwaye kiwi. Haruki, hulala mchana na kutembea usiku, akitafuta chakula kwa kunusa, maana matundu ya pua yake yako kwenye ncha ya mdomo wake mrefu. Kiwi mmoja alikuwa akitunzwa katika bustani ya wanyama ya Miami, Marekani. Katika mwaka 2023 wageni waliruhusiwa kulipa fedha na kumpapasa mchana, chini ya taa kali. Picha zake zilipofika Nyuzilandi, watu wa huko walikasirika sana, kwa maana ndege huyo ni fahari ya nchi yao. Walieleza kuwa ndege wa usiku hutaabika katika mwanga mkali, na kwamba kumpapasa kichwani, penye vinyweleo vyake vya kuhisia, ni kumtesa. Bustani ile iliomba radhi, na mchezo ule ukakomeshwa. Hakuna mgeni hata mmoja aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alimpapasa kwa mapenzi. Lakini mapenzi yasiyo na maarifa ni mzigo kwa apendwaye.

Tena maradhi ya watu huwapata wanyama, hasa wale wanaofanana nasi. Katika milima ya Uganda, Rwanda na Kongo, wageni waendao kuwatazama sokwe wakubwa waitwao gorila huzuiwa kuwakaribia. Kwa muda mrefu kanuni ilikuwa mita 7, na tangu maradhi ya Korona ya mwaka 2020 umbali huo uliongezwa kuwa mita 10 katika Uganda na Rwanda. Mgeni mwenye mafua hapewi ruhusa ya kwenda, ijapokuwa amelipa fedha nyingi, kwa maana mafua ya mtu mmoja yaweza kuwaangusha gorila wa jamaa nzima. Ikiwa gorila mwenye nguvu hulindwa na pumzi ya mgeni, je, tumbili mdogo apitishwaye sokoni mikononi mwa watu ishirini?

5. Wajibu wa mwenye mnyama

Mtu mwingine atauliza, "Mbona wako wanyama wa mwitu washikwao na watu wala hapana ubaya?" Ni kweli. Huko Morogoro, Tanzania, panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa ugonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, jina lake Magawa, alifanya kazi katika nchi ya Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Lakini panya hao huzoezwa kidogo kidogo tangu utoto, nao hushikwa na watu waliojifunza kazi hiyo, ambao huwachunguza afya zao. Hawatolewi njiani wakapewa kila apitaye. Kumbe tofauti ni maarifa na mpango.

Mwenye mnyama ndiye ajuaye hatari, kwa hiyo mzigo ni wake. Kwanza, na aulize sheria ya nchi yake, maana katika nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwamo, haifai kufuga mnyama wa mwitu pasipo kibali cha serikali. Pili, asimpeleke mnyama mahali penye kelele na msongamano. Tatu, akiombwa, na akatae kwa maneno mazuri. Aseme, "Samahani, ndugu yangu, huyu hashikwi na wageni, mtazame kwa macho, nami nitakueleza habari zake." Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima. Mgeni ataondoka na elimu, wala hataondoka na jeraha. Anayeona haya kusema "hapana" kwa dakika moja, aweza kujuta miaka mingi.

Na wewe mwanafunzi, ukiwa ndiwe mgeni, usiombe kumshika mnyama usiyemjua, wala usimguse kwa siri bwana wake akigeuka. Ukimgusa mnyama ye yote, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

6. Ukiumwa, fanya hivi

Usifiche, hata kama waogopa kukaripiwa. Osha jeraha pale pale kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Usitie pilipili, wala udongo, wala mafuta. Mwambie mzazi au mwalimu, uende hospitali siku ile ile ukaeleze ni mnyama gani aliyekuuma. Usingoje kuona dalili, kwa maana chanjo ya kichaa cha mbwa huokoa maisha ikitolewa mapema, na dalili zikisha kuanza, nafasi imekwisha kupita.

Maswali

1. Kwa nini tumbili aliyezoea bwana wake hawezi kusemwa kuwa amewazoea watu wote?
2. Ni kwa sababu gani yule mtoto wa dubu alikuwa karibu kuuawa? Kosa lilikuwa la nani?
3. Kobe huonekana mzima. Mtoto aweza kuuguaje kwa kumshika?
4. Eleza jinsi watu walivyomtaabisha kiwi bila kukusudia.
5. Panya buku wa Morogoro hushikwa na watu, tena pana faida. Tofauti yao na mnyama apitishwaye sokoni ni nini?
6. Andika mazungumzo mafupi kati ya mtoto aombaye kumshika kasuku na mzee mwenye kasuku, anayekataa kwa adabu.